Kiti cha Dirishani: Miaka Yangu ya Kufundisha Historia ya Wafaransa

Nyinyi walimu wenzangu mliobaki kazini mmeniomba niandike tulivyokuwa tukifundisha kabla somo halijahamia kwenye simu. Nitaandika kwa mpangilio, kwa kuwa sijui kuandika kwa namna nyingine. Habari za mshahara naziacha. Mnaujua ulivyokuwa, na anayetaka kuucheka acheke. Nitaeleza chumba, kamba, kiti kimoja, na mama aliyeitwa Espérance.

Kazi hii sikuisomea. Kwetu Bukavu nilikuwa fundi umeme, na shule niliiacha kabla ya kufika chuo. Nilipofika Durban nilianza kwa kulinda magari kwenye maegesho ya jengo la ghorofa huko Berea, nimevaa kizibao cha njano kama Wakongomani wengi wa wakati ule. Kazi ya kulinda magari ina muda mwingi mtupu. Gari likiingia unapunga mkono, likitoka unapunga mkono, na katikati hakuna kitu. Ghorofa ya pili aliishi Madame Lisette, mwalimu mstaafu kutoka Morisi, ambaye siku moja aliniteremshia boksi la vitabu vya historia ya Ufaransa. Haukuwa ukarimu hasa. Boksi lilikuwa likiziba mlango wake. Nilivisoma nikiwa nimesimama. Kila nilipomaliza kimoja nilimrudishia, naye akaniuliza maswali pale pale kwenye ngazi. Nikijibu vibaya, kitabu kilirudi nami chini.

"Baada ya Mapinduzi, kwa nini wafalme walirudi?" aliniuliza siku moja.

"Watu walikuwa wamechoka, Madame."

"Wamechoka nini?"

"Vita."

"Na mkate je?"

"Ulikuwa ghali."

"Bon. Jumatatu uje juu. Na hicho kizibao ukiache chini."

Sebuleni kwake alikuwa ameanzisha kituo kidogo cha kuwaandaa watu wanaokwenda Ufaransa: wanafunzi waliopata nafasi vyuoni, wake waliofuata waume, watu waliotafuta mafunzo ya kazi. Karibu wote walikuwa Wakongomani na Warundi. Kifaransa walikuwa nacho tangu shule ya msingi. Walichokosa ni kuwajua Wafaransa wenyewe: kwa nini wanagoma, kwa nini hawataki msalaba ukutani shuleni, kwa nini wanailalamikia nchi ambayo sisi tunauza kila kitu ili tuifikie. Madame alikuwa amezeeka na sauti ilikuwa ikimwishia. Alihitaji mtu wa kusimama mbele.

Siku yangu ya kwanza nilifundisha wafalme. Nilikuwa nimewakariri kwa mfuatano, na nilijiona nimefanya vizuri sana. Madame alikaa nyuma akimenya chenza. Wanafunzi walipoondoka akafuta mikono na kusema, "Umewazika chini ya wafalme. Kesho waulize nani alikuwa na njaa, na nani alishika ufunguo wa ghala." Sikuwahi kupata mafunzo mengine ya ualimu, na sikuona nilichopungukiwa.

Chombo changu kikuu kilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Niliifunga kutoka kwenye nondo za dirisha hadi kwenye msumari wa kalenda, nikabana vipande vya karatasi ngumu kwa vibanio: Mapinduzi mwanzoni, kisha himaya, kisha wafalme waliorudi, wakafukuzwa, wakarudi tena kwa jina jingine, jamhuri moja baada ya nyingine mpaka ya tano. Kila mwanafunzi alikuja mbele kubana kipande chake na kueleza nani alipata na nani alipoteza. Ubaoni mtu hunakili akasahau. Kwenye kamba anasimama, anashika, na wenzake wanamwona akikosea.

"Mwalimu, hawa batu banabadilishaka serikali sawa vile mie nabadilishaka sim card," alisema Kitenge, fundi wa simu aliyekuwa na meza yake karibu na Warwick Junction. Mke wake alikuwa tayari Lille, Ufaransa.

"Tofauti ni kwamba wewe hubadilishi ukiwa na bunduki," nikamwambia.

"Hujaona wateja wangu."

Tulifungua kila kipindi kwa sala, maana wengi walikuwa watu wa kanisa na wasingekubali kuanza bila hiyo. Kwa hiyo kila muhula ilifika siku tulipomwomba Mungu abariki somo, na mara tu baada ya amina nikafundisha sheria iliyotenganisha makanisa na dola. Hakuna aliyeona ajabu. Madame Lisette peke yake alikuwa akisema amina mapema ili tuanze.

Kuna masomo yaliyojifundisha yenyewe. Miaka ya vita, nchi ikiwa chini ya Wajerumani na serikali yao wenyewe ikishirikiana na mshindi, jirani alimwandikia polisi barua kumchongea jirani. Vitabu vinatumia kurasa nyingi kumweleza msomaji jinsi hilo lilivyowezekana. Darasani kwangu sikuhitaji sentensi ya pili. Mtu mmoja aliuliza tu kama baada ya vita waliendelea kuishi mtaa mmoja. Nikasema wengi, ndiyo. Wakatikisa vichwa na kugeuza ukurasa.

Somo gumu lilikuwa jingine. Lilikuwa barabara.

Mtu hawezi kufundisha historia ya Wafaransa bila watu kushuka barabarani. Wanashuka wakavunja gereza. Wanashuka wakapanga mawe na mapipa kuziba njia. Paris inajitawala kwa wiki chache, kisha jeshi linaingia na kuua watu wake. Wafanyakazi wanakalia viwanda na kutoka na likizo yenye malipo. Wanafunzi wanang'oa mawe ya barabara, na nchi nzima inasimama. Mfaransa akiuona umati unaoimba, anajiona yumo humo, hata kama siku hiyo yuko nyumbani anakunywa supu na kuulaani.

Wanafunzi wangu walikuwa wamekimbia umati unaoimba. Wengine waliukimbia kwao, wengine waliukimbia hapa, miaka maduka ya wageni yalipovunjwa. Kwao wimbo wa watu wengi haukuwa na maana mbili.

Ndiyo asili ya kiti cha dirishani, ambacho nyinyi mlioanzia kwenye mtandao hamkukiona. Kila kipindi mwanafunzi mmoja kwa zamu alikaa dirishani akiangalia barabara, uso nje, sikio moja kwetu. Hakuna aliyekipangia kanuni, nilikikuta. Zamu yake ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufukuza tumbili, ambao Berea wanaingia jikoni kama wenye nyumba na mara moja walituibia mkate na vibanio viwili. Ya pili ilikuwa kusikia. Akisema "iko watu", basi taa ilizimwa, pazia likavutwa, na darasa zima likakaa sakafuni kimya mpaka yeye aseme tena. Tulifanya hivyo hata mchana, taa ikiwa haina maana yoyote. Nilifundisha watu kuiheshimu barabara huku nimechuchumaa chini ya meza nisionekane kutoka barabarani. Sikulificha hilo. Nililitaja darasani, tukacheka, na mtu akaenda kukaa kwenye kiti.

Madame Lisette alifariki wakati wa mvua. Watoto wake, wanaoishi Morisi, waliniachia chumba kwa masharti kwamba nilipe maji na umeme. Nilibaki na kamba na zile chenza zilizokuwa bado kwenye bakuli.

Mwaka Wafaransa walipojaa kwenye mizunguko ya barabara wamevaa vizibao vya njano, darasa liliona picha kwenye simu ya Kitenge, na nusu saa nzima sikufundisha.

"Eish! Mwalimu, Wafaransa bamekuwa car guards!"

"Wanalinda gari la nani?"

"Ya rais."

Nilipopata nafasi niliwaeleza kwamba sheria ya kule inamtaka kila mwenye gari awe na kizibao kile ndani yake, akivae gari likiharibika njiani. Ndiyo maana watu waliokasirishwa na bei ya mafuta walikuwa na sare tayari, na maana yake ilieleweka: nimekwama, mnione. Nilikuwa nimekivaa miaka mingi na sikuwahi kukifikiria hivyo. Mama mmoja mgeni hakucheka pamoja nasi. Aliuliza, "Na wale wanaoishi kwenye mzunguko wa barabara, wenye nyumba hapo karibu, walikuwa wanafanya nini?" Huyo alikuwa Espérance.

Kwao Bujumbura alikuwa muuguzi. Hapa alisuka nywele kwenye saluni moja ya Overport, kwa sababu vyeti vyake havikutambuliwa na kibali chake kilikuwa cha kuhuishwa kila mara. Vidole vilikuwa vimeanza kuvimba. Asubuhi alivilowesha kwenye maji ya moto ili vikunjike. Alijua, na daktari alimwambia, kwamba kusuka hakutampeleka mbali. Alikuwa amepata shule moja ndogo magharibi mwa Ufaransa iliyofundisha wahudumu wa wazee na kuwalipa wakijifunza. Barua zote zilikuwa tayari. Kilichobaki ni mahojiano kwa video mbele ya watu watatu. Wangekubali, angeanza safari ya viza Johannesburg. Wangekataa, angerudi kwenye nywele na vidole vile.

Alikuwa mwanafunzi mzuri, makini, asiyependa kukisia. Kwenye kamba alibana hifadhi ya jamii mahali pake sahihi, mara baada ya vita, akaeleza kwamba watu waliotoka kwenye njaa na kuchongeana waliamua kulipiana matibabu. Kilichomshinda ni kulaumu. Nilikuwa nimeliona hilo kwa wengi. Kwetu mgeni hasemi vibaya nyumba anayokwenda. Lakini wale wa mahojiano wanapenda kuuliza: je, unaona kasoro gani kwetu? Anayejibu "hakuna" wanamwona hajasoma au anawadanganya.

"Sema nyumba za wazee zina wafanyakazi wachache," nilimwambia. "Wao wenyewe wanasema."

"Wao ni wenye nyumba, Mwalimu. Mimi bado niko nje ya mlango nabisha hodi, nianze kusema paa linavuja?"

"Wakikuuliza paa, sema paa."

Tulifanya mazoezi mpaka aliweza kuisema sentensi hiyo bila kuomba radhi kwanza. Siku moja, tukisubiri wengine, alinieleza mara moja tu habari ya mume wake. Walisikia nyimbo mtaani. Mume alitoka kufunga geti. Watu wakamkuta getini. Kisha akainuka na kubana karatasi yake kwenye kamba.

Mahojiano yalifanyika chumbani kwangu, mchana, kwa sababu saluni ilikuwa na kelele na kwake hapakuwa na mtandao. Tuliweka kompyuta juu ya vitabu ili kamera ikae usawa wa macho. Nilikaa pembeni nisionekane. Kitenge alikaa kwenye kiti cha dirishani. Wengine walisubiri koridoni.

Alianza vizuri. Aliwaeleza kazi yake ya zamani, wodi, zamu. Walimwuliza kasoro, akasema wafanyakazi ni wachache na wazee wanaachwa bila kugeuzwa kitandani. Mama mwenye miwani kwenye skrini alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha bwana aliyekuwa katikati akauliza: wenzako wakiamua kugoma kwa sababu hiyo, wewe utafanya nini?

Swali hilo tulikuwa tumeliandaa. Alikuwa aseme mgomo ni haki, kwamba unatangazwa mapema, kwamba wahudumu hupangiana zamu ili mgonjwa asiachwe. Alisema sentensi ya kwanza. Alikuwa katikati ya pili tuliposikia wimbo ukipanda kutoka upande wa robot, zile taa za barabarani, watu wengi, miguu ikigonga lami kwa pamoja.

"Mwalimu," Kitenge alisema chini chini. "Iko watu."

Kila mtu alifanya kazi yake. Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi kabla sijaamua. Kitenge alivuta pazia. Wa koridoni waliingia na kukaa chini. Espérance alifunga kompyuta kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anavyomfumba marehemu macho, akashuka sakafuni na kuegemeza mgongo ukutani chini ya dirisha.

Wimbo ulifika ukapita. Hakuna kioo kilichovunjika. Kitenge alichungulia kwenye upenyo wa pazia.

"Ni bafanyakazi ba hospitali," alisema. "Beko na fulana za rangi moja. Polisi iko mbele yao inabafungulia njia. Iko mama mmoja anakula mahindi."

"Wanaimba nini?" niliuliza.

Mmoja wa wanafunzi, aliyekijua Kizulu, alisikiliza. "Wanasema wao ni wachache. Wanataka waongezewe watu."

Hakuna aliyecheka. Espérance alikuwa bado ameishika kompyuta mapajani. "Nimeizima," alisema. "Nimewazimia wale watu."

Tulipoifungua tena hawakuwepo. Jioni ulifika ujumbe kwamba mtahiniwa alikatisha mahojiano kwa hiari yake, na kwamba wanamtakia kila la heri. Niliandika kuomba nafasi nyingine. Nilieleza umati, sikueleza geti. Hilo halikuwa langu la kuandika. Walijibu kwa adabu kwamba anaweza kuitwa tena msimu unaofuata.

Miezi ile aliendelea kusuka. Aliniambia mara moja, "Mwalimu, umetufundisha kule wanashuka barabarani kila wakati. Nikifika, mimi nitakaa wapi?" Nilimwambia atazoea. Ndilo jibu tulilozoea kuwapa wote.

Mahojiano ya pili tuliyafanya mapema asubuhi, barabara ikiwa tupu. Kitenge alikuwa ameshasafiri, kwa hiyo nilikaa dirishani mwenyewe. Walikuwa watu wale wale. Bwana wa katikati alimwuliza, bila ukali, ni nini kilichotokea mara ya kwanza. Espérance aliwaeleza yote: wimbo, geti, mume. Aliwaeleza pia kwamba wale waliopita walikuwa wauguzi wakiomba wenzao waongezwe, na kwamba alilijua hilo akiwa sakafuni, wakati ameshachelewa.

Kisha yule mama mwenye miwani akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kufariji, "Huku kwetu, Madame, barabara ni ya watu wote."

"Kwetu pia ilikuwa ya watu wote," Espérance akajibu. "Ndiyo maana walitufikia wote."

Waliandika kitu. Walimshukuru. Wakamweka kwenye orodha ya akiba, na hakuitwa. Sijui kama jibu lile ndilo lililomponza. Huenda nafasi zilijaa tu. Sina ushahidi, na nisichokijua siandiki. Ninachojua ni kwamba lilikuwa jibu bora kuliko yote niliyowahi kusikia katika chumba kile, na halikuwa na mahali pa kubanwa kwenye kamba.

Kitenge alinitumia ujumbe wa sauti kutoka Lille. "Mwalimu, leo nimeshuka na bafanyakazi benzangu. Pensheni. Nimeimba hata. Ila nilitembea upande wa maduka, vile unajua, karibu na milango yenye kuwa wazi." Alicheka, akaaga. Nimeusikiliza mara nyingi.

Mwaka huu watoto wa Madame wameuza nyumba, na kituo kimeamua masomo yaendeshwe kwenye mtandao. Macho yangu pia yamechoka, nami nikaona ni wakati. Nyinyi mnafundisha vizuri, nimewasikiliza. Picha zenu ni bora kuliko kamba yangu. Ila mnapomwuliza mwanafunzi kuhusu mgomo akazima kamera ghafla, msiandike kwamba ameondoka kwa hiari yake. Kila mmoja wao sasa yuko peke yake na dirisha lake.

Siku ya kufunga chumba, Espérance alikuja kutoka Overport kunisaidia. Vidole vyake haviwezi tena misuko midogo. Saluni sasa inampa kuosha nywele na kufagia. Alifungua vibanio kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo, kutoka jamhuri ya tano kurudi nyuma mpaka Mapinduzi. Kiti cha dirishani kilikuwa ndicho kiti pekee kilichobaki. Alikikalia, akageuza uso nje kama zamani, nami nikaendelea kupanga vitabu kwenye boksi. Lilikuwa boksi lile lile la kwanza.

Wimbo ulianza mbali, upande wa chini. Nilisimama na kitabu mkononi. Niliona mabega yake yakipanda. Nilisogea kwenye swichi.

"Ni wa mgomo wa mishahara?" nilimwuliza.

Aliinua mkono nisimsumbue. Alisikiliza.

"Tuzime?"

"Bado," alisema, bila kugeuka.